Uonekane

Ukungu wa kwetu, pwani ya magharibi ya Norwe, ni mzito. Mwaka mmoja niliupigilia msumari nikatundika koti. Niliporudi mchana umeyeyuka, koti liko chini na msumari nimeukosa mpaka leo. Huo ni uongo. Haya mengine, kwa bahati mbaya, siyo.

Nilikata vitambaa miaka thelathini na minane katika kiwanda cha mzee Ludvik. Tulishona majaketi okozi, yale yanayomfanya mtu aelee, yote ya rangi ya chungwa kali hata samaki walifumba macho. Juu ya mlango mzee alipigilia neno moja la herufi za mbao: UONEKANE. Na mila yetu ilikuwa hii: jaketi jipya haliuzwi kabla mwenye kiwanda hajaruka nalo baharini.

Mzee akafa, akarithi mwanawe Eivind. Huyo akamleta kutoka Oslo mtaalamu wa chapa za biashara, Silje, dada mpole mwenye viatu vyeupe. Akatukusanya penye vyerehani.

"Nyinyi ni nani?" akauliza.

"Washonaji," akajibu Torbjørg, msimamizi wetu. "Wewe je, umepotea njia?"

Tukacheka. Silje naye akacheka, akaandika. Baada ya miezi miwili akarudi kutuambia sisi ni nani: sisi ni uhuru. Wanunuzi wa siku hizi, alisema, hawataki kukumbushwa kufa maji. Neno la mlangoni likang'olewa, pakawekwa UWE HURU. Jaketi nalo likawa la kijivu, kijivu cha bahari yenyewe.

"Linaelea vilevile," Eivind alisema.

"Hata maiti huelea, mwanangu," Torbjørg akamjibu. "Mimi silishoni."

"Basi nenda nyumbani."

"Naenda. Lakini baba yako angeruka nalo kwanza." Kisha Torbjørg akanigeukia. "Na wewe, bingwa wa porojo? Leo maneno yamekuishia?"

Nilikuwa nimebakiza wiki kumi kustaafu. Nikakikata kile kitambaa.

Eivind aliruka na jaketi la kijivu mwezi Machi, mbali na gati, ili apigwe picha. Mpiga picha akaomba mashua ya uokoaji isogee kando. Mtu huru, alisema, hafuatwi na mashua. Ikasogea. Hapo ukungu ukaporomoka kutoka mlimani. Tulimsikia akiita, lakini ndani ya ukungu sauti hutoka kila upande. Baadaye hatukumsikia tena.

Alipatikana kesho yake, kichwa juu, anaelea vizuri kabisa. Baridi ndiyo iliyomuua.

"Tulipita palepale mara nne," nahodha wa mashua aliniambia jikoni kwangu, kahawa yake ikipoa. "Tuliona mawimbi tu."

Siku ya mazishi nilimkuta Torbjørg mlangoni pa kiwanda, ana bisibisi mkononi, anafungua herufi za UWE HURU moja moja. Chini yake neno la mzee lilikuwa limeacha alama kwenye rangi.

"Mimi ndiye niliyemchochea aruke," alisema.

"Mimi ndiye niliyekata kitambaa."

Hakunibishia. Akanipa jaketi la zamani, akavaa lake. Washonaji wote walikuja vivyo hivyo, tukapanda hadi kanisani tukiwa rangi ya chungwa. Wanasema tulionekana mpaka ng'ambo ya ghuba.

Mimi nilikuwa naomba ukungu ushuke, unifiche.