Vigae vya Rozalia

Chungu cha nne nacho kilipasuka motoni. Rozalia alikisikia kikilia ndani ya majani yanayowaka, akashika kiuno. Udongo ni ule ule wa ziwani, mikono ni ile ile. Ila tangu mtaro wa mitaa mipya ya Mtwara uelekezwe kwenye ziwa lao, tope limekuwa jeusi, linanuka oili, na vyungu havihimili moto. Bila vyungu vya kuuza, kwake hapapikwi.

Kwa hiyo wataalamu walipokuja kuvuta tope la kupima kwa bomba refu, nani alifurahi kama yeye? Aliingia majini hadi kiunoni kuwashikia. Walipolilaza bomba ufukweni na kulipasua, mambo yote yakawa hadharani: chini udongo wa kijivu, msafi; juu yake wekundu wa barabara zilizochongwa; juu kabisa weusi wenye mafuta na vipande vya plastiki. Mji mzima ulikuwa umelala mle, tabaka juu ya tabaka. Moyo wa Rozalia ukatulia. Sasa watauziba ule mtaro.

Elisha, afisa mazingira, akachomoa vigae vya chungu kwenye tope la kijivu.

"Hivi ni vya nani?"

"Vyetu, baba," Rozalia akajibu kwa fahari. Akamweleza kwamba chungu kikipasuka, vigae hurudishwa ziwani udongo ulikotoka. Asiyerudisha, udongo humkataa. Bibi yake alifanya hivyo, na mama yake pia.

"Kumbe mnatupa taka humu tangu enzi za bibi yako."

"Si taka, baba. Tunarudisha. Na huo mtaro je?"

Elisha aliutazama mtaro, kisha akageuza uso. "Mtaro ni mradi, mama. Una wenyewe."

Maskini Rozalia, ulimi wake mwenyewe ulikuwa umemponza, na hana wa kumlaumu.

Haukupita muda, kibao kikasimamishwa ufukweni: marufuku kuchimba udongo, marufuku kutupa taka. Mussa, jirani yake, akavalishwa sare ya mgambo kulinda.

Rozalia alifika asubuhi na vigae vya kile chungu cha nne kwenye beseni. Hakuomba kuchimba. Aliomba kurudisha tu.

Mussa, aliyekula ugali kwake miaka nenda rudi, aliinamisha macho.

"Dada, usinitafutie balaa. Nikikuruhusu, kazi sina."

Nyuma yake mtaro ulifurika, maji meusi yenye povu yakateremka kuelekea ziwani. Mussa akasogea pembeni, akayapisha yapite.