Virgil na Kuponi za Mama Mkwe

Kiwanda cha vioo cha hapa Toledo kilipozima tanuru lake moja, shemeji yangu Virgil Pruitt alirudishwa nyumbani pamoja na wenzake wengi, wakaambiwa wasubiri kuitwa. Mkewe, dada yangu Ramona, alibaki na kazi yake ya mapokezi kwa daktari wa meno. Wakakubaliana kwamba Virgil, kwa kuwa ndiye atakayeshinda nyumbani, amwangalie mtoto wao mchanga, apike, na aende sokoni.

Safari yake ya kwanza supamaketi alimaliza pesa ya chakula ya wiki mbili. Alirudi na steki nene, jibini ya bei mbaya na mananasi mawili, katikati ya baridi ya Februari. Maziwa ya mtoto hakuyakumbuka, wala karatasi za chooni.

"Kwa hiyo chooni tutaenda na nanasi?" Ramona alimuuliza.

Virgil akajikuna kichwa. Ramona akainua simu, akampigia mama.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu, maana mama yetu, Leokadia Wozniak, hakuwa akipatana na mkwewe. Siku ya harusi alikuwa amepika nyama iliyoviringishwa kwenye majani ya kabichi, kazi ya siku mbili, na Virgil akaimwagia kechapu mbele ya ukoo mzima. Tangu hapo mama alimwita "yule". Lakini mama alilea watoto saba kwa mshahara mmoja, na katika mtaa wetu hakuna aliyejua kununua kama yeye.

Jumapili baada ya misa alifika na gazeti nene lililojaa kuponi za kupunguziwa bei dukani, kwapani, mkasi mkononi.

"Kaa hapa," alimwambia Virgil. "Unajua kukata?"

"Mama, kazi yangu mimi ni kukata vioo."

"Kioo hakina hila. Karatasi hii inakutongoza ununue usichokihitaji. Kata hiyo ya kahawa."

Virgil akakata, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo kama mtoto wa shule. Akainuka kutafuta koti.

"Unakwenda wapi?"

"Kununua kahawa."

"Keti. Leo kahawa ina bei yake ya kila siku. Hiyo kuponi unaiweka, unangoja duka lenyewe lishushe bei. Halafu unakwenda Jumatano, siku ambayo kuponi inahesabiwa mara mbili. Hayo mambo matatu yakikutana, ndiyo unafungua pochi."

"Na yasipokutana?"

"Unakunywa chai."

Jumatano ya kwanza Virgil alikwenda peke yake. Alirudi akitabasamu, akapanga makopo juu ya meza kwa fahari, moja juu ya jingine. Mama alivaa miwani, akasoma kopo la juu.

"Hiki ni chakula cha paka."

"Senti chache tu kwa kopo, Mama. Karibu bure."

"Paka yuko wapi?"

Virgil akatazama chini ya meza, kana kwamba huenda yuko. "Hatuna paka."

"Basi mwekee Ramona kwenye sandwichi kesho."

Mimi nililazimika kuwageuzia mgongo, nimeshika sinki, wasinione nikicheka. Virgil aliyarudisha makopo kwenye boksi, akatoka nayo kwenye theluji. Nilidhani anakwenda kuyatupa.

Aliporudi hakuwa na boksi. Mkononi alikuwa na kitita cha kuponi: za nepi, za uji wa mtoto, za sabuni ya kufulia. Amezipata kwa Bi Hesper Tuttle wa nyumba ya kona, mwanamke mwenye paka wengi asiye na mtoto mdogo. Kila Jumapili alikuwa akizitupa pamoja na maganda ya viazi.

Mama alizipitia moja moja, akitazama tarehe. "Nani kakufundisha hili?"

"Hakuna. Nimeona paka wake dirishani."

Mama akakata kipande cha keki yake ya mbegu za mpopi, akamsukumia Virgil sahani. Ramona alinikanyaga mguu chini ya meza.

Baada ya hapo Virgil hakushikika. Alikwenda kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi, ambako wenzake walishinda wakicheza karata na kulaumu dunia, akaweka meza karibu na birika la kahawa. Alete kila mtu kuponi asizozitaka, achukue anazozitaka.

"Pruitt," alisema Orville, mwendesha tanuru mwenye kifua kama pipa, "kufuma soksi unaanza lini?"

"Nikishamaliza kukata zako, Orville. Una mapacha wa kuvaa nepi nyumbani, na gazeti unafungia samaki."

Wanaume wakacheka, na siku ile meza ilibaki tupu. Kesho yake Orville alikuja mapema kabla ya wenzake, akamwaga kuponi alizozificha ndani ya kofia. Kufikia Machi meza moja haikutosha. Mama mwenyewe alihamia pale, akiwa na kiti chake na mto wa kukalia, akiwafokea watu wazima.

"Wewe mwenye ndevu, hii imekwisha muda tangu juzi. Unaniletea maiti?"

"Samahani, Mama Wozniak."

Kisha ikaja Jumatano moja ya Aprili ambapo kahawa, tambi, nepi na sabuni vilishuka bei kwa pamoja. Tulikwenda watatu, Virgil, mama na mimi, na matoroli mawili. Noreen, keshia, alipiga bei ya vitu vyote, jumla ikapanda hadi nikaona aibu. Ndipo Virgil alipoanza kumkabidhi kuponi.

"Mama," mwanamume mmoja alilalamika nyuma yetu, "sisi wengine tutazeekea hapa."

"Wewe umezeeka kabla hujafika. Tulia ujifunze," mama alimjibu.

Jumla ikawa inashuka, inashuka. Noreen akamwita meneja. Meneja akazikagua zote, akazigeuza nyuma, akasema ni halali, akaondoka akitikisa kichwa. Tulilipa dola kumi na moja na senti kidogo. Yule mlalamikaji akainama sikioni kwa Virgil kumuuliza habari za kahawa. Virgil akampa kuponi moja ya ziada.

Huko nje mama aliegemea gari, akacheka hadi machozi yakamtoka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu baba afariki. Virgil alimshika mkono asiteleze.

"Twende nyumbani, mwanangu," mama alisema. "Sabuni itaganda."

Sabuni ya unga haigandi, lakini hakuna aliyembishia.

Juni tanuru likawashwa, Virgil akaitwa. Ofisini walimwachia achague zamu. Jioni ile mezani alitwambia amechagua ya usiku.

"Usiku?" Ramona aliweka uma chini. "Kwa nini, wakati ya mchana ipo?"

"Mchana nina shughuli," alisema Virgil, akijipakulia viazi.

"Shughuli gani?"

Alitafuna taratibu, akameza. "Muulize mama yako. Ndiye aliyenipangia."