Mapato ya Mama Kipanga

Kwenye dirisha la ofisi ya kodi, mbele ya foleni nzima, Mama Kipanga aliambiwa kwamba ana pesa.

"Mapato yako haya hapa, mama," afisa alisema, akamgeuzia kioo cha kompyuta. Alikuwa kijana mwenye tai iliyokaza shingo. "Hujawahi kuyatolea taarifa hata siku moja."

Mama Kipanga alicheka. Yeye ni fundi cherehani. Anashona sare za shule na kubadilisha zipu mbovu, katika chumba anachochangia pango na muuza ndoo.

"Mwanangu, hizo ni hela za wasichana wa mbio. Za viatu, za maziwa, za kukandwa misuli. Kwangu zilipita tu."

"Zilipitaje?"

Akamweleza. Binti yake, ambaye kila mtu anamwita Kipanga kwa jinsi anavyowashukia wenzake mita za mwisho, alipata ufadhili wa kampuni ya saruji pamoja na wenzake wa kambi. Kampuni ilitaka akaunti moja ya mzazi mmoja. Wazazi wengine hawakuwa na akaunti; yeye alikuwa nayo kwa ajili ya zile sare. Kocha akamwomba, naye akakubali. Mkataba ukaandikwa jina la Kipanga, na la mama yake kama mlezi. Kila hela zilipoingia alizitoa, akazigawa kwenye bahasha juu ya meza ya kukatia vitambaa, akapita nyumba kwa nyumba.

"Walisaini wapi?"

"Akina nani?"

"Hao wazazi. Walipopokea."

Mama Kipanga alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama huwa anawasainisha wanawe kabla ya kuwapakulia chakula. Watu unaozika nao, unaoazimana nao chumvi, utawatolea kalamu? Si ni kuwaita wezi machoni pao? Fundi rangi, baba wa msichana mmoja, aliwahi kuuliza asaini wapi, na yeye ndiye aliyemfokea: "Hebu rudisha kalamu yako mfukoni! Hapa ni serikalini?"

"Basi sikiliza, mama," afisa alisema, na sauti yake haikuwa mbaya. "Ukileta saini zao, kila mmoja atahesabiwa fungu lake. Usipoleta, deni lote ni la binti, maana akaunti ni yako lakini mkataba ni wake, na sasa ni mtu mzima."

"Binti anasafiri Ijumaa. Klabu ya ng'ambo inataka hati kwamba hadaiwi kodi."

"Akidaiwa hapati." Akainamisha kichwa. "Labda kama hela hazikuwafikia wasichana. Kama ulizitumia wewe. Hapo ni mapato yako, na binti anatoka safi."

Na ile kampuni ya saruji? Ilikata msaada huo kwenye kodi yake yenyewe, kwa mujibu wa sheria, baada ya kupiga picha na mwenyekiti wa chama cha riadha wakiwa wameshika hundi kubwa kama mlango. Aliyetoa akasamehewa, aliyepokea akadaiwa. Mama Kipanga hakushangaa sana. Babu yake alidaiwa kodi kwa kuwa na kichwa. Baba yake alidaiwa kwa kuwa na baiskeli. Zamu yake ilikuwa imefika, na yeye kosa lake ni kugawa.

Jioni hiyo alianzia kwa fundi rangi.

"Dada, hela nilipata, Mungu shahidi," fundi rangi alisema, akifuta mikono kwenye suruali. "Lakini nikisaini, kesho yule wa tai yuko hapa ananidai mpaka kodi ya brashi. Mimi ni mtu wa kudaiwa, mimi? Nitazame."

"Mwanangu atabaki, kaka."

"Na wangu je? Wangu hata hajaitwa na klabu."

Muuza mkaa, mzazi wa msichana mwingine, alifungua mlango nusu, akaongea kupitia ufa. "Hela gani tena, mama?"

"Bahasha. Si nilikuwa nakuletea hapahapa mlangoni?"

"Mimi huletewa mkaa tu, na wenyewe nusu ni mawe." Akafunga.

Kwingine ilikuwa hivyohivyo. Mmoja alilia, akamkumbatia, hakusaini. Mama Kipanga alishindwa hata kuwachukia. Kuna waliolipia pango kwa bahasha zile, mabinti zao wakaendelea kukimbia na viatu vilivyoachama. Wangesema nini?

Asubuhi alirudi dirishani. Kijana wa tai aliandika, kisha akamsomea polepole: "'Fedha zote nilizitumia mwenyewe.' Ndivyo?"

"Ndivyo."

Akasaini. Hati ya Kipanga ilitoka palepale, ingali na joto la mashine. Alhamisi wanaume wawili walikuja kubeba cherehani. Muuza ndoo alisogeza ndoo zake wapite, kisha hakuzirudisha haraka, akaona aibu kuijaza ile nafasi.

Habari haikukaa. Mwenyekiti aliingia redioni akalaani "mzazi mmoja mwenye tamaa," na kuanzia hapo hakuna aliyeuliza tena hela nyingine za chama zilikwenda wapi. Walioogopa kusaini wakapata ndimi. Muuza mkaa alisema sasa anaelewa kwa nini mwanawe amekonda.

Ijumaa simu ililia. Nyuma ya sauti ya Kipanga kulikuwa na gari linalonguruma.

"Mama, wenzangu hawanisemeshi. Wanasema umesaini kwamba ulikula hela zao."

Mama Kipanga alimjua binti aliyemzaa. Akiambiwa ukweli atarudi na begi lake, aende dirishani, aseme deni ni lake.

"Nilikula."

"Usinitanie."

"Nilikula, Kipanga. Maisha yalinibana."

"Hata za yule aliyekuwa anakimbia peku? Nilikuwa namwazima viatu vyangu, mama!"

"Hata zake. Panda gari."

Simu ikakatika. Mama Kipanga aliendelea kuishika sikioni, akitikisa kichwa taratibu na kuitikia "eeh, eeh," maana muuza ndoo alikuwa anamtazama, na alitaka aonekane bado anaagwa.