Bi Mkubwa, Bi Mdogo na Kahawa ya Ami Marhoon

Wiki nzima kabla ya Idi, Suud hakuwa na kazi nyingine ila kuzipima bastola mbili za ami yake Marhoon. Azipanguse, azitie mafuta, azinyanyue, azirudishe. Mwenyewe Marhoon alizipa majina ya wake wenza. Zote risasi zake nene, unene wa kidole. Bi Mdogo mtutu wake mfupi, mwepesi, lakini ukimfyatua anakurusha mkono mpaka kwenye kilemba. Bi Mkubwa mzito wa kuchosha bega, mtutu mrefu, ila akishatulia mkononi ametulia, na teke lake halina papara.

"Nnamtaka Bi Mkubwa, ami," Suud akasema.

"Mchukue, nibaki na huyu mkorofi. Idi pili tunalenga mfupa wa mbuzi, risasi tatu kila mtu. Ukiugusa mfupa hata mara moja, nakuoza binti yangu Hind. Usipougusa, basi tena. Siozi mtu asiyejua kulenga."

Lo! Hind huyo Suud alimpenda tangu Unguja, walipokuwa chuo kimoja. Marhoon na wanawe walitangulia Maskati, wakawa Wamaskati kupita Wamaskati. Suud ndiyo kwanza ana mwezi mmoja, na bahati yake yote imewekwa juu ya mfupa wa bega la mbuzi!

Idi pili asubuhi wakaenda bonde la Ghala pamoja na jamaa. Mfupa ukasimamishwa juu ya jiwe, hatua thelathini. Lakini kwanza kahawa. Marhoon akamimina, Suud akanywa, akarudisha kikombe. Kikajazwa. Akanywa, akarudisha. Kikajazwa tena. Mtoto wa watu akaona haya. Atamkatalia vipi mkwe, tena siku kama hii? Akameza vikombe kumi na kimoja, moyo unamwenda mbio.

Marhoon akaanza. Bi Mdogo akamrusha mara mbili, ya tatu akautoboa mfupa. Zamu ya Suud. Risasi ya kwanza ikatimua vumbi huko kushoto. Ya pili ikagonga jabali, watu wote wakalala chini. Ya tatu alishika kwa mikono miwili, akasoma Bismillahi, akafyatua. Mfupa wala haukujali. Suud alitamani kulia.

"Bi Mkubwa kakukataa," Marhoon akasema.

"Bi Mkubwa hana kosa!" Suud yakamtoka. "Ni kahawa yako, ami! Vikombe kumi na kimoja, mikono yote inanitetemeka!"

"Sasa mbona hukutikisa kikombe?"

"Nikitikise kwa nini?"

Marhoon akamkodolea macho. Huku, mgeni asipotikisa kikombe, mwenyeji haachi kumimina. Ghafla akakumbuka mwezi wake wa kwanza Maskati, alivyokunywa kumi na vinne nyumbani kwa watu asiothubutu kuwakatalia, akakaa macho siku mbili. Akacheka mpaka kilemba kikamvuka.

"Umevimeza vyote kwa kuniheshimu, na bado ukasimama kulenga? Wallahi, Hind hatompata mvumilivu kama wewe. Nakuoza! Mfupa utaupiga Idi ijayo, ukishakuwa mkwe wangu."

Suud akambusu mkono, machozi yanamlengalenga. Marhoon, kwa furaha, akammiminia kikombe cha hongera. Suud akakinywa, akakirudisha, nacho kikacheza kwenye vidole vyake.

"Ahaa!" Marhoon akapaza sauti. "Umeshajua kutikisa!"

"Sijatikisa, ami," Suud akasema. "Chenyewe hiki."