Choo cha Milango Miwili

Mwaka 1973 redio ilifundisha nchi nzima kuchimba vyoo. Kila Jumanne jioni wakazi wa nyumba kumi za Balozi Melkizedeki, mtaa wa Majengo mjini Singida, waliizunguka redio ya balozi. Walisikiliza somo, wakajadiliana, wakakubaliana, kisha wakaenda kulala. Mzee Haji Mselemu, fundi cherehani, alikuwa na choo cha zamani alichorithi kwa baba yake, kwa hiyo alijihesabu amefaulu kabla ya mtihani. Aliyechimba kipya alikuwa mmoja tu: Mughwai, karani wa ghala la ushirika.

Shimo la Mughwai lilikuwa na kina cha futi kumi na mbili. Alilipima mwenyewe kwa kamba. Lilikuwa na sakafu ya magogo, kuta za matofali ya udongo, na mlango wa bati wenye komeo. Balozi aliwaleta majirani wakitazame. Mughwai alisimama kando, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesomewa cheti chake mbele ya wazazi.

Wiki tatu baadaye mkewe, Felista, alijifungua mtoto wa kike, wakamwita Theodora. Uzazi ulikuwa mgumu. Felista aliagizwa asinyanyue hata ndoo kwa siku arobaini. Mughwai hakuwa na mama wala dada mjini, na ghala lilikuwa limejaa mtama, ruhusa haikupatikana. Kwa hiyo mama yake Felista, Bibi Magdalena, alipanda lori kutoka Sepuka. Alifika Jumamosi akiwa na kuku wawili, unga wa uwele, na nia ya kukaa siku zote arobaini.

Mughwai alifurahi sana. Hakuweza kumwambia. Kwa desturi ya ukoo wao, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawasemezani. Wakilazimika kusema, husema na mtu wa tatu. Mara nyingi Felista alikuwa amelala. Basi walisema na mtoto.

"Theodora," Bibi Magdalena aliita kutoka chumbani, "mwambie baba yako kuni zimekwisha."

"Theodora," Mughwai alijibu kutoka barazani, uso ameuelekeza ukutani, "mwambie bibi yako nitaleta jioni."

Theodora, mwenye umri wa siku nane, hakufikisha ujumbe hata mmoja, lakini kuni zilikuja na nyumba ikaenda vizuri. Ilienda vizuri kwa saa kadhaa.

Asubuhi ya pili Bibi Magdalena alikizunguka choo. Aligonga ukuta, akafungua komeo, akachungulia, akafunga.

"Kizuri," alimwambia binti yake. "Cha nani?"

"Chetu, mama."

"Chenu, wewe na nani?"

"Mimi na Baba Theodora."

"Basi sijakiona."

"Mama! Si umekifungua sasa hivi?"

"Nimefungua mlango. Choo sijakiona. Mimi niingie anapoingia mkwe wangu? Nikirudi Sepuka niwaambie nini wenzangu?"

"Nani atawaambia?"

"Mimi. Nitaulizwa habari za mjini, nami sijui kusema uongo."

Tangu siku hiyo Bibi Magdalena aliondoka kila alfajiri, akajifunga kanga ya pili kichwani na kwenda kwenye majabali nyuma ya nyumba za mwisho. Safari hiyo ilichukua karibu saa nzima kwenda na kurudi. Wakati huo mtoto alilia, maji yalichemka yakamwagika, na Felista aliinuka kitandani peke yake. Jumatano alishikwa na kizunguzungu karibu na mafiga. Mughwai alimdaka akiwa tayari ameinamia moto.

Siku hiyohiyo Balozi Melkizedeki alipiga hodi. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti iliyozoea mikutano.

"Ndugu Mughwai, nyumba yako ni ya mfano."

"Ahsante, ndugu balozi."

"Watu wa nyumba ya mfano hawaonekani majabalini. Ameonekana mtu. Sitamtaja. Ana kanga mbili, na ametoka Sepuka."

"Ndugu balozi, tafadhali, sema polepole."

"Nasema polepole. Jumamosi kamati ya afya itapita. Nimewaahidi kuwaonyesha choo chako. Wakiniuliza kama kila mtu wa nyumba hii anakitumia, niseme nini?"

Ukuta ulikuwa wa udongo, na balozi hakujua kusema polepole. Baada ya yeye kuondoka, Bibi Magdalena alisikika chumbani akimbembeleza mtoto.

"Theodora, mwambie mama yako lori la Sepuka linaondoka Jumamosi saa nne. Nitaondoka nalo. Sikuja kumtia mtu aibu."

Felista alijifunika shuka usoni, na shuka likaanza kutikisika. Mughwai alitoka nje akasimama uani. Alikuwa na siku mbili na nusu.

Majirani hawakusubiri kuombwa ushauri. Wa kwanza kuutoa walisema achimbe shimo la pili. Mughwai aliazima sururu, akachimba jioni hiyo. Kwenye futi mbili sururu iligonga jabali, ikarudi nusura impige paji la uso. Alihamia upande mwingine wa uwanja. Futi moja na nusu. Majirani walisimama kulizunguka shimo na kumhimiza. Mmoja alishauri jabali limwagiwe maji ya moto, mwingine alishauri lisifanywe lolote mpaka lizoee. Mzee Haji aliinama, akaligusa kwa kidole, akasema kwa heshima, "Hili lilikuwepo kabla ya mkweo."

Mzee Haji ndiye aliyetoa ushauri wa pili. Alikuwa mtu wa asili ya Tabora, mwembamba, mwenye tepu ya kupimia shingoni hata siku ya sikukuu.

"Bwana mdogo, choo ni chumba. Chumba hugawanywa. Jenga ukuta katikati, toboa mlango upande wa pili. Wewe kushoto, yeye kulia. Hamtaonana mpaka kiyama."

"Ataridhika?"

"Asiridhike kwa nini? Hata treni inayopita Manyoni ina mabehewa, na kila mtu yuko kwake."

Alhamisi Mughwai aliamka mapema, akajenga ukuta. Wakati wa chakula cha mchana alitoboa mlango wa pili akauwekea pazia la gunia jipya. Kazi ilikuwa safi. Alijificha nyuma ya banda la kuku, naye Mzee Haji akasimama upande wa pili wa ua wa miti, sikio likiwa wazi. Bibi Magdalena alitoka na mtoto mgongoni. Aliinua pazia. Aliusukuma ukuta kwa kiganja, nao haukutikisika. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akatazama chini, kwa muda mrefu.

"Theodora," alisema, "mwulize baba yako: na huku chini, kuna ukuta?"

Upande wa pili wa ua Mzee Haji, aliyejulikana mtaa mzima kuwa na jibu la kila kitu, alirudi taratibu kwenye cherehani yake.

Jioni hiyo Balozi Melkizedeki alimvuta Mughwai kando.

"Nimefikiri. Hama wewe."

"Nihame nyumbani kwangu?"

"Uhame chooni kwako. Tumia cha Haji. Mwachie mama chako chote, kushoto na kulia, juu na chini."

Mzee Haji alikubali papo hapo. Ilibaki shida moja: nani amwambie Bibi Magdalena? Habari kama hiyo haipitishwi kwa mtoto mchanga. Mughwai aliona haya hata kumwambia mkewe. Aliamua kuhama kimya kimya. Mama mkwe angeona mwenyewe.

Saa hiyohiyo Mwanabaraka, mke wa Mzee Haji, aliingia chumbani kwa Felista na bakuli la uji. Naye alikuwa amefikiri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, kwa nini unajitesa na majabali? Njoo kwetu. Cha kwetu hakina mkwe wako ndani yake."

Bibi Magdalena alimshika mkono. "Sawa. Lakini liwe jambo la wanawake. Hata mumeo asijue."

"Hatajua."

Hivyo Alhamisi usiku mtaa ulikuwa na dawa mbili. Kila moja ilikuwa nzuri peke yake.

Ijumaa saa saba mchana Mughwai alitoka ghalani. Mzee Haji alikuwa msikitini. Mughwai alipita nyuma ya ua, akatundika koti lake la kazini kwenye mti wa ua, akaingia katika choo cha jirani. Choo hicho hakikuwa na mlango, bali gunia kuukuu ambalo halikufika chini. Alikuwa hajamaliza hata dakika mbili aliposikia nyayo na sauti mbili za wanawake.

"Karibu, bibi, hakuna mtu," alisema Mwanabaraka.

Mughwai aliganda. Chini ya gunia aliiona miguu miwili aliyoifahamu. Katika nyumba yake aliruhusiwa kutazama miguu tu.

"Mna mtu," alisema Bibi Magdalena. "Naona viatu."

Mughwai alikuwa mtu pekee mtaani aliyevaa viatu vyeusi vya ngozi vyenye kamba. Alipandisha kiatu kimoja juu ya jiwe. Kisha, kwa taabu, akapandisha cha pili.

"Sasa sivioni," alisema Bibi Magdalena.

"Nani yumo?" Mwanabaraka aliuliza. "Hodi! Wewe uliyemo, jibu!"

Mughwai alifungua kinywa, akakifunga. Akijibu, atakuwa amesema na mama mkwe wake, tena akiwa chooni. Akikohoa, atatambulika. Alisimama juu ya mawe mawili kama korongo na kushika ukuta.

"Labda ni mbuzi," alisema Mwanabaraka.

"Mbuzi hatundiki koti."

Bibi Magdalena alilitazama lile koti. Lilikuwa na kalamu mbili mfukoni, na kiraka cha kiwiko ambacho binti yake alikishona kwa uzi usiofanana na kitambaa.

"Tungoje, bibi, atatoka tu."

"Ningoje? Mwanangu, asubuhi umenipa uji bakuli tatu."

Miguu ilihama kushoto. Ikahama kulia. Ilisimama kidogo, kidole kikubwa kikikwaruza vumbi. Halafu iligeuka na kuondoka kwa mwendo ambao Mughwai hakuwahi kuuona kwa mama mkwe yeyote.

Alipotoka, Mwanabaraka alitazama viatu, akatazama koti, akaketi chini.

"Baba Theodora! Kumbe ni wewe! Na mimi ndiye niliyemleta!"

"Ndugu zangu, mmeniua," alisema Mughwai. "Sasa ataondoka leo, hatangoja kesho."

"Basi kimbia nyumbani! Unasimama hapa umngoje Haji akupime suti?"

Mughwai alikwenda akiwa tayari kuona mabunda yamefungwa. Mlangoni hapakuwa na bunda. Felista alikuwa ameketi kitandani akimnyonyesha mtoto, macho yameelekea uani.

"Mama yuko wapi?"

Felista alionyesha kwa kidevu. Pazia jipya la gunia lilifunguka. Bibi Magdalena alitoka taratibu, akitengeneza kanga yake, mwenye heshima zote. Mughwai aliruka nyuma ya mlango. Bibi aliingia, akamchukua mtoto, akaketi.

"Theodora, sikiliza, ukue na akili. Mtu akihama nyumba, anayeingia haishi naye. Sivyo?"

Theodora alicheua.

"Vyema. Baba yako amehama. Sikuambiwa, nimeona mwenyewe: ana makao kwa jirani. Mwambie hiki sasa ni changu, milango yote miwili. Asirudi, hata mvua ikinyesha."

Nyuma ya mlango Mughwai alitaka kuuliza habari za chini. Alilimeza swali hilo, akauliza jingine.

"Theodora, mwulize bibi yako: na lori la kesho?"

"Mwambie baba yako lori litaondoka tu. Lina dereva."

Felista alianza kucheka. Alijishika tumbo kwa maumivu, akacheka tena. Mughwai hakuwa amesikia kicheko hicho tangu kabla ya uzazi, na aliegemea mlango kwa muda ili akisikie vizuri.

Kamati ya afya ilifika Jumamosi saa tatu. Bibi Magdalena ndiye aliyeipokea. Aliwaonyesha wajumbe mlango wa kushoto, akawaonyesha wa kulia, akawazuia kuingia na vumbi. Mjumbe mmoja aliuliza kwa nini milango ni miwili. Alijibiwa kwamba mmoja ni wa siku za kazi. Mjumbe aliandika. Kisha bibi alitaka kujua kama kamati itapita pia nyumbani kwa balozi, na Balozi Melkizedeki akakumbuka kwamba muda umekwenda.

Saa nne lori lilipiga honi. Bibi Magdalena alitoka hadi barabarani, akamwachia dereva ujumbe wa Sepuka, akarudi kuosha nepi.

Mchana Mughwai alipita nyuma ya ua, koti begani. Mzee Haji alikuwa barazani kwake, akikata kitambaa.

"Karibu, mpangaji," alisema bila kuinua macho. "Siku arobaini zinakwisha lini? Nikuandalie sherehe ya kurudi kwako."

"Mzee Haji, mambo yamebadilika. Amemwambia dereva atarudi Sepuka mtoto akishaota meno."

Mzee Haji aliweka mkasi chini.

"Meno mangapi?"