Praful na Treni Isiyo na Kichwa

Praful aliuza saruji na mabati mjini Kisii, mji usio na reli, lakini ukiingia dukani kwake kutafuta misumari ulitoka umefundishwa treni.

"Treni ni kichwa mbele, mabehewa nyuma," alisema. "Kichwa kikiharibika unafunga kingine. Hizi za injini chini ya mabehewa, injini ikiugua, behewa zima linapelekwa gereji. Na kelele zote ziko chini ya miguu yako!"

"Lakini zinaondoka upesi," alipinga Obadiah, wakili mwenye ofisi ghorofani.

"Wakili, wewe baki na sheria."

Aprili, Praful na mkewe Geeta walikwenda harusini Nairobi. Praful akasisitiza wapande treni ya vitongojini. Ilipoingia kituo cha mwisho, Geeta alipanda na mizigo. Praful akabaki nje ameshika simu.

"Panda, Baba Disha."

"Bado. Lazima kichwa kifunguliwe kule, kizungushwe, kije kifungwe upande huu. Nataka picha."

Akatembea hadi ncha ya treni, akasimama kama bwana harusi anayemngoja bibi. Kioo kikubwa chenye wipa alikiona, akadhani ni urembo. Mwanamume mwenye mkoba akaja.

"Kichwa kinaletwa saa ngapi?" Praful akamuuliza.

"Kichwa gani, mzee?" Yule mtu akapanda nyuma ya kile kioo, akapiga honi, akaondoka na treni. Mabehewa yakampita Praful moja moja. Katika mojawapo alimwona Geeta dirishani, mdomo wazi.

Simu ikalia.

"Uko wapi?"

"Kituoni. Nangoja kichwa."

Geeta alicheka mpaka abiria wenzake wakaambukizwa. "Basi kingoje, Baba Disha. Nadhani ulikisahau Kisii."

Praful alifuata kwa treni iliyofuata, akakaa juu ya injini hasa. Sakafu ilimtetemesha hadi meno. Kuhusu kelele alikuwa sahihi, ila hakuwa na wa kumwambia.

Waliporudi, aliona heri aibu aitangaze mwenyewe kabla Geeta hajamfikia Obadiah. Alipanda ghorofani, akasimulia yote, hata wipa. Wakili alicheka akalaza kichwa mezani, kisha akamwalika kijijini Manga, mlimani, ambako kikundi cha akina mama kilitaka kuelezwa habari za treni.

Huko, Geeta akiwa ameketi kati ya wasikilizaji, Praful alisimama akasifu aina zote mbili. "Ile ya kichwa unaweza kuiongezea mabehewa, na ndani kuna utulivu. Hii nyingine haina haja ya kugeuzwa mwisho wa safari; dereva anahamia upande wa pili tu. Msibishe, mimi niliachwa."

Walipomaliza kucheka, mmoja wao, Mama Bathsheba, akauliza, "Na mlima wetu huu, ipi itaupanda vizuri?"

"Yenye injini nyingi, mama, maana magurudumu mengi yanasukuma pamoja." Praful akamtazama mkewe. "Lakini siku mtakayoiona treni hapa, mfuateni Geeta. Yeye hupanda kwanza, maswali baadaye."