Chisaka ya Futi Sita

Nianze kwa kuungama, maana kosa langu halikuwa la siri: niliipa bangi zawadi ya kwanza.

Ilikuwa Juni, huko Myanga. Mimi ndiye afisa wa kilimo wa wadi, mwenye diploma ukutani na kofia pana kichwani, na siku hiyo nilikuwa mwamuzi wa mashindano ya bustani za jikoni. Katika boma la tisa, la mjane Phelista, nyuma ya jiko, katikati ya sukuma wiki na vitunguu, nikakuta mmea ulionizidi kimo, majani yake yamefumbuka kama vidole vya mtu anayesalimia. Lazima mjue kwamba mimi ni Waithaka wa Matisi, Kitale. Nimekulia kwenye mahindi na viazi. Mboga za watu wa Bungoma nilizijua sahanini kuliko shambani. Na mgeni anayetaka kupendwa ni mtu wa hatari. Vidole vitano, nikajisemea. Hii si ndiyo chisaka, ule mgagani wao wanaouchemsha na maziwa?

“Wakulima,” nikasema, “chisaka ya futi sita mmewahi kuiona wapi?”

Watu zaidi ya ishirini walitazama viatu vyao. Phelista akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, “Afisa, hiyo achana nayo. Angalia vitunguu.”

Nikadhani ni unyenyekevu. Nikasimama kando ya mmea, nikapigwa picha nikiwa nimeushika shina kama bwana harusi, nikamwomba mbegu mbele ya watu ili wadi nzima ifaidike, kisha nikaituma picha hiyo kwenye kundi letu la WhatsApp. Siku ya pili askari walifika bomani. Waliniita niwaonyeshe mahali, na mmoja wao, akiwa ameshika mbavu kwa kicheko, akaniuliza, “Afisa, mbegu ulipata?”

Phelista hakucheka. Alikuwa amefunga kitambaa chake cha kanisani, kama mtu anayekwenda mahali alipoalikwa. Aliponipita alisema neno moja tu: “Vitunguu visikauke.”

Basi nikavimwagilia, kila jioni baada ya kazi. Pale mmea ulipong'olewa palibaki shimo la upana wa sufuria, na kila nilipolipita nilihisi kama napita mbele ya mtu ninayemkwepa. Huko Bungoma, hakimu alipomsomea shtaka, Phelista alijibu, “Ni wangu,” asiongeze kitu. Hakumtaja mtu, wala picha, wala mimi.

Jumamosi nilirudi Matisi. Mke wangu Mwihaki alikuwa barazani akipukuchua maharagwe, na redio ilikuwa ikibishana na yenyewe kama ilivyokuwa ikifanya mwaka mzima: huyu anataka bangi ihalalishwe, yule anasema taifa litaangamia.

“Baba Wamboi,” akasema bila kuinua macho, “si ni wewe ulisimama kanisani ukasema anayepanda bangi anapanda jeneza?”

“Nilisema.”

“Na watu wakapiga makofi.”

“Walipiga.”

“Na anayeipa zawadi, yeye anapanda nini?”

Mwihaki hupukuchua watu vilevile kama maharagwe, kidole kimoja tu, ganda linafunguka. Kanisani neno lilikuwa jepesi kwa sababu halikuwa na uso. Sasa lilikuwa na uso, na kitambaa kichwani, na lililala rumande.

Hakimu aliagiza ripoti kabla ya kutoa hukumu, na ndivyo Chemutai, afisa wa probesheni, alivyofika Myanga na faili lake, akaketi chini ya upenu wa nyumba ya Phelista kusikia majirani wanasemaje. Mambo yalikuwa wazi: tungesema vibaya, mama angekwenda jela miaka; tungesema vizuri, labda angerudi kwa vitunguu vyake. Bosi wangu alikuwa amenipigia simu mapema. “Waithaka, wewe ni mtumishi wa umma. Ukienda huko, kaa nyuma na upige miayo.”

Nikakaa nyuma.

Wamalwa mwenye duka ndiye aliyeanza. “Mimi naona hii sheria imezeeka. Si pombe ya busaa pia ilikuwa haramu? Mama yangu alikuwa anakimbia na chungu kwa mahindi, askari nyuma. Siku hizi chifu akikuja harusi, ndiye anapatiwa mrija wa kwanza.”

Watu wakacheka. Mzee Jairus hakucheka. Boma lake linapakana na la Phelista; ni mtu mrefu, mkimya, ambaye hata salamu huitoa kama anaitoa kwenye akiba.

“Busaa haijachukua akili ya kijana yangu, Wamalwa,” akasema. “Hillary alikuwa anaongoza darasa. Akaonjeshwa hiyo kitu. Mara mbili nimempeleka hospitali, mara mbili amerudi akiongea na ukuta. Wakisema iruhusiwe, bana, mimi nitatembea na miguu mpaka Nairobi nikatae.”

Kicheko kilikufa. Chemutai aliandika, kisha akauliza taratibu, “Kwa hivyo, mzee, unataka mama afungwe?”

Jairus akaivua kofia, akaitazama ndani kama mtu aliyeweka jibu humo.

“Sijasema hivyo. Hiyo ni yangu. Ya huyu mama ni ya Mukhisa.” Akasema bila kumtazama mtu, “Bwana yake alifungwa koo na kansa. Maji ilikuwa haipiti. Mama akatafuta majani huko Lwakhakha, akachemsha. Akikunywa hiyo maji, Mukhisa alikuwa anameza uji kidogo, analala. Wiki saba. Na mtu wa kukaa kwa mlango kuangalia barabara kama askari wanakuja…” Akaivaa kofia. “Alikuwa mimi.”

Kalamu ya Chemutai ilisimama.

“Mimi, baba Hillary,” akarudia, kama mtu anayehakikisha kwamba jina limeandikwa sawasawa.

“Na mmea?” Chemutai akauliza.

“Alizikwa Desemba. Mama akamwaga makapi, na mbegu zenye hazikuchemshwa, hapo nyuma ya jiko. Mvua kuja, ikajiotea. Nikamwambia, mayi, ng'oa. Akasema atang'oa kesho. Ikawa ni kesho kila siku.”

Nililifikiria lile shimo. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu namna ya kuhudumia mmea, mbolea yake, nafasi yake, wadudu wake; hakuna mhadhara ulionifundisha kwamba mtu anaweza kushindwa kung'oa kitu kwa sababu kiliota mahali alipomwagia maradhi ya mumewe. Ghafla miayo niliyoagizwa haikupatikana. Nikasimama.

“Madam, andika na yangu. Andika kwamba afisa wa kilimo wa wadi, mwenye diploma, alikutana na bangi ana kwa ana akaiita chisaka.”

Mwanamke mmoja akaziba mdomo kwa leso. Mwingine alichelewa kuziba, na kicheko kikazunguka boma zima. Hata Jairus akageuza uso upande.

“Andika tena kwamba nilisimama kanisani nikasema anayepanda bangi anapanda jeneza. Sikuwa nimejua kwamba hapa jeneza lilitangulia, mmea ukafuata. Kuhusu sheria, bado sijui. Mzee Jairus amenitisha, na amenitisha kwa haki. Lakini kama mahakama inatafuta pa kumpeleka huyu mama, kitalu changu cha miche kimejaa magugu.”

Chemutai aliifuta kona ya jicho kwa kidole, akaendelea kuandika. Aliandika muda mrefu.

Hakimu akampa Phelista kifungo cha nje, miezi sita, kutumikia jamii katika kitalu cha wadi. Bosi wangu naye akanipa barua ya onyo, ambayo Mwihaki ameitundika karibu na diploma. Anasema zinafanana fremu.

Phelista huja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na jembe lake mwenyewe, kwa sababu la serikali, asema, halijawahi kunolewa. Mwezi wa pili alinishika mkono kama mtoto wa chekechea, akanipeleka kwenye tuta alilolipanda pembeni. “Hii ndiyo chisaka, Afisa. Ona maua, meupe. Sasa nusa.” Nikanusa. “Tena.” Nikanusa tena, hadi aliporidhika kwamba serikali imeelewa.

Jumatano iliyopita Jairus alikuja kuchukua miche miwili ya ovakado.

“Ya nani?” Phelista akamuuliza.

“Ya Hillary. Amesema anataka kupanda. Amesema yeye mwenyewe. Kwangu, si kwa ukuta.”

Phelista alipita kwenye safu nzima akiinua mche mmoja baada ya mwingine, akiuangalia mizizi, mpaka akapata miwili iliyomtosha, na akaimwagilia kabla ya kumpa. Ofisini redio ilikuwa imewashwa. Ilikuwa tena ile habari: mswada, wagonjwa, vijana, taifa. Phelista alisimama na ndoo mkononi akisikiliza, kichwa amekiinamisha upande, jinsi mtu anavyosikiliza mvua kama inakuja au inapita.

“Afisa,” akasema. “Na wewe, Jairus. Siku wakibadilisha hiyo sheria, hata kama ni ya wagonjwa peke yake, mmoja wenu akuje aniambie. Nitaenda hapo kwa kaburi nimwambie mzee. Alikufa akisikiliza mlango.”

Redio iliendelea kubishana. Mimi nilishika kalamu, nikakitazama kibao cha tuta la chisaka ambacho nilikuwa nimeshamaliza kukiandika. Jairus aliichukua ile ndoo mkononi mwa Phelista, akainama, akaanza kumwagilia miche iliyokwisha kumwagiliwa.